Mchanganyo, Mchanganyiko na Jeti: Istilahi za Kabureta ya Pikipiki

UTANGULIZI

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza istilahi zinazohitajiwa na mtu anayetaka kueleza kwa Kiswahili namna ya kuchagua jeti za kabureta na kurekebisha mchanganyiko wa hewa na petroli katika pikipiki. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jarida la istilahi lijishughulishe na kitundu chenye upana wa milimita moja. Jibu ni kwamba kitundu hicho ndicho kinachoamua kama injini itadumu au itaungua, na maelezo yake hutufikia kwa lugha ya kigeni. Hapana budi mtu ayafasiri: mwalimu darasani, mfasiri ofisini, au fundi mwenyewe kwa kubahatisha. Mfasiri akiteleza katika riwaya, msomaji hukunja uso. Akiteleza katika maelekezo ya injini, pistoni hukamata ndani ya silinda, gurudumu la nyuma hugoma kuzunguka, na mpandaji huanguka barabarani.

Mahali tutakapopatumia kuwa mfano ni Mwanakwerekwe, katika kisiwa cha Unguja, nje kidogo ya Mji Mkongwe. Mwanakwerekwe ina soko na gereji, na njia ziendazo Fuoni na Tunguu hupita hapo. Zaidi ya hayo pana kituo cha Mafunzo ya Amali, ambako vijana hufundishwa kazi za ufundi. Kwa hiyo lugha mbili hukutana hapo: lugha ya gereji, iliyojitengeneza yenyewe kwa mahitaji ya kila siku, na lugha ya darasa, inayotokana na vitabu. Kazi ya mwanaistilahi ni kuziwezesha lugha hizi mbili zielewane, bila ya moja kuidharau nyengine.

Neno lenyewe "amali" ni ukumbusho mzuri. Kile ambacho Tanzania Bara huitwa mafunzo ya ufundi stadi, Zanzibar huitwa mafunzo ya amali. Majina ni mawili na dhana ni moja, na hakuna aliyedhurika. Hatari huja pale jambo linapokuwa kinyume chake, yaani jina ni moja na dhana ni mbili. Hilo ndilo tatizo kubwa la istilahi za kabureta, kama tutakavyoona.

KAZI YA KABURETA

Mhandisi wa Austria Eugen Wüster, ambaye kitabu chake cha mwaka 1931 kuhusu usanifishaji wa lugha ya ufundi kilikuwa miongoni mwa misingi ya taaluma ya istilahi, alifundisha kwamba kazi yetu ianzie kwenye dhana, si kwenye neno. Basi na tuianze dhana.

Petroli ikiwa katika hali ya kiowevu haiungui vizuri ndani ya silinda. Inatakiwa iwe matone madogo mno yaliyochanganyika na hewa. Kazi ya kabureta ni kupima na kuchanganya. Injini inapovuta hewa, hewa hiyo hupita katika njia nyembamba. Penye wembamba hewa huenda kwa kasi zaidi, na kanieneo yake, yaani msukumo wake juu ya vitu inavyovigusa, hupungua. Upungufu huo huifyonza petroli kutoka katika bakuli la kabureta, na petroli hupanda kupitia vitundu vilivyotobolewa kwa kipimo maalumu. Vitundu hivyo ndivyo jeti.

Kwa uzito, gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili yote iungue bila ya kubaki petroli wala oksijeni. Petroli ikizidi, moshi huwa mweusi, plagi hushika masizi, nguvu hupungua na fedha hupotea. Petroli ikipungua, injini hupata joto kupita kiasi, plagi huwa nyeupe, na pistoni hutanuka mpaka ikwaruze ukuta wa silinda. Mafundi husema injini "imekamata", na mara nyengine "imenoki". Haya yote hutokea kwa sababu ya tofauti ya sehemu ndogo sana za milimita katika upana wa jeti.

MANENO TULIYONAYO TAYARI

Utaratibu uliozoeleka katika kuunda istilahi ni kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyengine za Kibantu na za Kiafrika, na mwisho kukopa kutoka lugha za mbali. Utaratibu huu ni mwema, lakini usifuatwe kama amri ya kijeshi. Neno ambalo fundi analo mdomoni lina haki yake hata kama lilikuja na meli.

Kwa bahati njema, sehemu kadhaa za kabureta zimekwisha kupata majina mazuri kutoka ndani ya lugha. Ndani ya bakuli mna kidude chepesi kinachoelea juu ya petroli. Petroli ikijaa, kidude hicho hupanda na kuziba njia. Ikipungua, hushuka na kuifungua. Watu wa pwani wanalo neno lake tangu zamani, nalo ni boya. Mvuvi hufunga boya kwenye wavu ili usizame, na fundi hulikuta boya lake ndani ya kabureta. Umbo na kazi vinafanana, na mwanafunzi wa Unguja hahitaji maelezo marefu.

Ile njia nyembamba ya hewa yafaa iitwe koo la kabureta, kwani koo ni njia ya mwili ipitishayo pumzi. Kinachozuia vumbi ni chujio la hewa, neno ambalo kila jiko la Unguja linalijua kwa chai na kwa tui. Kijiti chembamba chenye ncha kinachopanda na kushuka katika koo la kabureta huitwa sindano. Hapa pana tahadhari: kuna sindano ya pili, fupi, inayosukumwa na boya ili kuzuia petroli isiingie. Zote mbili huitwa sindano katika gereji, na mnunuzi wa vipuri anaweza kurudi nyumbani na isiyo yake. Tunapendekeza sindano ya kilango kwa ile ndefu, na sindano ya boya kwa ile fupi. Kilango ni kile kizibo kinachoinuliwa na waya wakati mpandaji anapozungusha mkono wa mafuta. Baadhi ya vitabu hukiita pistoni ya kabureta, lakini pistoni ni neno lenye kazi yake nzito ndani ya silinda, na si vyema kulitwisha mzigo wa pili.

Yako pia maneno ambayo mkopo wake ni bora kuliko tafsiri. Choki ni mfano mzuri. Neno hili katika Kiingereza lina maana ya kukaba koo, na mfasiri aliyependa kufuata asili angeweza kuunda "kikaba hewa". Lakini katika kabureta ya vespa za zamani, choki haikabi hewa hata kidogo. Hufungua njia nyengine ya petroli ili injini baridi ipate petroli ya ziada. "Kikaba hewa" kingekuwa jina linalosema uongo. Mkopo choki hausemi chochote kuhusu namna kinavyofanya kazi, na kwa sababu hiyo unafaa kwa aina zote mbili.

Vespa nayo ina historia yake. Katika Kiitaliano neno hilo lina maana ya nyigu, na lilikuwa jina la chombo kilichotolewa na kampuni ya Piaggio ya Italia mwaka 1946. Zanzibar likawa jina la kawaida la pikipiki za umbo lile, bila kujali aliyezitengeneza. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa bajaji, jina la kampuni ya India ambayo katika miaka ya 1960 ilikuwa ikitengeneza vespa kwa kibali cha Piaggio, na ambalo leo nchini Tanzania ni jina la pikipiki ya magurudumu matatu. Umma umekwisha kuamua, na mwanaistilahi huandika uamuzi huo.

JETI KUU SI JETI KUBWA

Neno jeti limeenea katika gereji, nalo halina mpinzani wa maana. Kweli linagongana na ndege ya jeti, lakini hakuna fundi atakayeagiza ndege kwa ajili ya pikipiki. Muktadha hutosha kuondoa utata. Ngeli yake ni ile ya sindano na petroli: jeti hii, jeti hizi.

Utata uko katika vivumishi. Kabureta huwa na jeti zaidi ya moja. Moja hutoa petroli wakati mpandaji amefungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, au karibu na mwisho. Nyengine hutoa petroli wakati injini inazunguka polepole. Mara nyingi ile ya kwanza huitwa "jeti kubwa" na ya pili "jeti ndogo", nayo ni maneno mepesi kutamkwa. Sasa fikiria maelekezo yanayosema: "Weka jeti kubwa ndogo zaidi." Fundi aelewe nini?

Kiswahili kina dawa ya maradhi haya, na dawa yenyewe ni ya zamani. Sisi hutofautisha kubwa na kuu. Kubwa ni ukubwa wa umbo. Kuu ni ukubwa wa cheo. Njia kuu inaweza kuwa nyembamba, na mlango mkuu si lazima uwe mpana kuliko milango yote. Kwa hiyo jeti inayofanya kazi mkono wa mafuta ukiwa wazi kabisa iitwe jeti kuu, na maneno kubwa na ndogo yaachiwe upana wa kitundu. Hapo maelekezo yatasomeka: "Weka jeti kuu yenye namba ndogo zaidi", na hapatakuwa na la kuuliza.

Kwa jeti ya pili, neno la Kiingereza ni lile lile linalotumiwa kwa anayeongoza ndege au meli. Mfasiri asiyejua kabureta angeandika "jeti rubani", na mwanafunzi angecheka. Mafundi wengi wa Tanzania husema injini iko "sailensi" inapozunguka polepole huku chombo kimesimama. Neno hilo limetokana na ukimya, ingawa injini haijanyamaza bali imetulia. Kwa kufuata fikra hiyo ya mafundi tunapendekeza mwendo tulivu kwa hali yenyewe, na jeti ya mwendo tulivu kwa jeti inayoilisha.

Jambo la tatu ni namba. Jeti za kampuni ya Dell'Orto ya Italia, zinazotumiwa katika kabureta nyingi za vespa, zina namba inayoonesha upana wa kitundu kwa sehemu za mia za milimita. Namba 100 ni milimita 1.00, na namba 105 ni milimita 1.05. Upana umeongezeka kwa sehemu 5 katika mia, lakini eneo la kitundu limeongezeka kwa zaidi ya sehemu 10 katika mia, na petroli hupita kwa kufuata eneo. Watengenezaji wengine wana vipimo vyengine: baadhi ya jeti za Mikuni ya Japani namba zake hufuata kiasi cha petroli kinachopita kwa dakika, si upana. Kwa hiyo namba 100 ya mtengenezaji mmoja si lazima iwe sawa na namba 100 ya mwengine. Mwandishi wa maelekezo asiandike "saizi 100" pekee. Aandike "jeti namba 100" na alitaje jina la mtengenezaji.

MCHANGANYO NA MCHANGANYIKO

Sasa tumefika kwenye kiini cha makala haya. Injini za vespa za zamani ni za mipigo miwili. Injini ya namna hiyo haina oili ya kulainisha mhimili na pistoni mahali pake pa peke yake. Oili huchanganywa na petroli. Katika vespa nyingi tangu miaka ya 1960, kipimo kilichoelekezwa na mtengenezaji ni sehemu 2 katika mia, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita 1 ya petroli. Baadhi ya vespa za baadaye zina pampu inayofanya kazi hiyo. Pikipiki za mipigo minne, ambazo leo ndizo zilizojaa barabarani, haziwekewi oili katika petroli.

Kwa hiyo katika injini ya mipigo miwili pana michanganyiko miwili. Wa kwanza ni wa oili na petroli, na hufanywa na mtu kwa mkono wake, kwa kipimo cha chupa. Wa pili ni wa hewa na petroli, na hufanyika ndani ya kabureta. Vyote viwili huitwa "mchanganyiko".

Tuchukue mazungumzo mafupi ya kubuni, ya aina ambayo yanaweza kutokea katika gereji yoyote:

"Fundi, vespa yangu inapata moto sana. Ikifika Tunguu inakata nguvu."

"Mchanganyiko wako mwepesi, ami."

Fundi anakusudia kwamba petroli ni kidogo kwa hewa iliyopo. Mwenye vespa, ambaye mchanganyiko anaoujua ni ule wa chupa, anakwenda nyumbani na kuongeza oili. Matokeo yake ni kinyume cha alichotaka. Oili imechukua nafasi ya petroli, na pia imekifanya kiowevu kiwe kizito kupita katika jeti. Petroli inayofika kwenye hewa imepungua zaidi. Tofauti inaweza kuwa ndogo, lakini inakwenda upande ule ule wa hatari.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Fundi akisema, "Mchanganyiko mzito, upunguze", na mwenye vespa akapunguza oili, pistoni itakwenda bila ya kulainishwa vya kutosha. Injini itakamata, na inaweza kukamata katikati ya barabara. Fundi alisema kweli na mteja alitii. Kosa liko katika neno.

Je, Kiswahili kina njia ya kuzitenganisha dhana hizi? Naam, tena katika sarufi yake yenyewe. Kutokana na kitenzi changanya tunapata nomino mchanganyo. Kutokana na changanyika tunapata mchanganyiko. Changanya ni kitendo cha mtu: yuko anayechanganya. Changanyika ni hali: vitu vimeingiana. Petroli na oili huchanganywa na mtu mwenye chupa mkononi. Huo ni mchanganyo. Hewa na petroli huchanganyika ndani ya kabureta bila ya mkono wa mtu. Huo ni mchanganyiko. Tofauti hii haikubuniwa na mtaalamu, bali imo katika viambishi vya lugha, na inangoja kutumiwa.

Hata hivyo, kuna pingamizi la haki. Maneno haya mawili yanakaribiana mno kwa sauti, na gereji ina kelele. Kwa hiyo tunapendekeza yasiachwe peke yake. Katika maandishi na katika ufundishaji isemwe mchanganyo wa oili na mchanganyiko wa hewa. Sikio likikosa kiambishi, litalikamata neno la mwisho.

Inafuata sheria nyengine ndogo. Neno mafuta katika Kiswahili hubeba mengi: mafuta ya kula, mafuta ya taa, petroli, dizeli, na hata oili ya injini. "Ongeza mafuta" ni amri isiyotosha kwa injini ya mipigo miwili. Katika maelekezo ya ufundi iandikwe petroli au oili, na mafuta iachwe katika maneno yaliyokwisha kukaa, kama vile mkono wa mafuta. Wafasiri wanaoandika kwa ajili ya wasomaji wa mashariki ya Kongo wakumbuke kwamba huko petroli huitwa esansi, kwa athari ya Kifaransa.

MZITO NA MWEPESI

Mchanganyiko wa hewa wenye petroli nyingi, Kiingereza huuita kwa neno lenye maana ya "tajiri", na wenye petroli kidogo kwa neno lenye maana ya "-embamba" au "dhaifu". Tafsiri "mchanganyiko tajiri" ina kasoro. Kwetu utajiri ni sifa njema, na mwanafunzi atadhani huo ndio mchanganyiko bora. "Mchanganyiko dhaifu" nao utamfanya adhani kwamba tatizo ni ukosefu wa nguvu tu, ilhali tatizo ni moto.

Jiko la Kiswahili linatupa maneno bora. Tui la kwanza ni zito, na tui la maji ya pili ni jepesi. Uji una uzito na wepesi wake. Hakuna anayefikiri kwamba uzito wa tui ni utajiri. Ni kiasi cha nazi katika maji. Vivyo hivyo, mchanganyiko mzito ni ule uliozidi petroli, na mchanganyiko mwepesi ni ule uliopungua petroli. Mafundi huyaelewa maneno haya mara moja.

Maneno haya yanataka ulinzi katika mahali pawili. Kwanza, oili nayo husemwa kuwa nzito au nyepesi kwa kadiri ya utiririkaji wake. Ndiyo sababu tumesisitiza kwamba mchanganyiko utajwe pamoja na hewa, wala usitajwe mkavu. Pili, ukipanda milimani hewa hupungua. Pikipiki iliyorekebishwa Unguja, penye usawa wa bahari, ikipelekwa Mbeya au Nairobi, ambako ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa huo, itapata hewa kidogo kwa petroli ile ile, na itahitaji jeti yenye namba ndogo zaidi. Mtu akiandika kwamba "hewa nyepesi hufanya mchanganyiko mzito", atakuwa amesema kweli, lakini atakuwa amemchanganya mwanafunzi. Heri aandike: "Hewa ikipungua, mchanganyiko huwa mzito."

SKRUBU TATU

Neno la kale la pwani ni parafujo, tulilolirithi kutoka Kireno, lakini gereji za leo husema skrubu. Kabureta ina skrubu ya mwendo, inayozuia kilango kisijifunge kabisa ili injini isizimike. Zaidi ya hiyo, huwa na skrubu moja ya kurekebisha mchanganyiko katika mwendo tulivu, nayo ni ya aina mbili. Katika baadhi ya kabureta skrubu hiyo iko upande wa chujio na hupitisha hewa. Katika nyengine iko upande wa injini na hupitisha petroli iliyokwisha kuchanganyika na hewa kidogo.

Ukiikaza ya kwanza, hewa hupungua na mchanganyiko huwa mzito. Ukiikaza ya pili, petroli hupungua na mchanganyiko huwa mwepesi. Mkono umefanya kazi moja na injini imepata matokeo mawili yanayopingana. Vitabu vinavyoziita zote mbili "skrubu ya kurekebishia" vinamwachia fundi mchezo wa bahati nasibu. Tunapendekeza skrubu ya hewa na skrubu ya mchanganyiko. Aidha, kitenzi "fungua" kiepukwe, kwani kuifungua skrubu kunaweza kuwa kuilegeza au kuitoa kabisa. Iandikwe "zungusha kushoto" au "zungusha kulia", na idadi ya mizunguko itajwe.

MFANO WA MAELEKEZO

Istilahi hupimwa kwa kutumiwa. Yafuatayo ni maelekezo ya kabureta yenye skrubu ya mchanganyiko, kwa injini ya mipigo miwili.

1. Hakikisha kwamba chujio la hewa ni safi, na kwamba mchanganyo wa oili umefuata kipimo cha mtengenezaji.

2. Endesha pikipiki mpaka injini ipate moto wake wa kawaida, kisha izime.

3. Zungusha skrubu ya mchanganyiko kulia mpaka iguse mwisho, bila ya kuikaza kwa nguvu. Izungushe kushoto mzunguko mmoja na nusu.

4. Washa injini. Tumia skrubu ya mwendo kuipa kasi kidogo. Geuza skrubu ya mchanganyiko robo kwa robo, kushoto na kulia, mpaka uipate sehemu ambapo injini inazunguka kwa kasi zaidi bila ya kusita. Kisha punguza skrubu ya mwendo.

5. Ili kuchagua jeti kuu, anza na namba kubwa kuliko unayoitarajia, kisha ushuke. Mchanganyiko mzito hupoteza petroli. Mchanganyiko mwepesi hupoteza injini.

6. Endesha katika barabara iliyo wazi na salama, mkono wa mafuta ukiwa wazi kabisa kwa muda mfupi. Zima injini na ukamate klachi kwa wakati mmoja, simama pembeni, na uiangalie plagi. Rangi ya kahawia huonesha kwamba mchanganyiko wa hewa ni sawa. Masizi meusi huonesha mchanganyiko mzito: weka jeti kuu yenye namba ndogo zaidi. Weupe huonesha mchanganyiko mwepesi: weka namba kubwa zaidi, wala usiende kasi kabla ya kufanya hivyo.

ORODHA YA ISTILAHI

Boya: kidude kinachoelea katika bakuli la kabureta na kudhibiti kiasi cha petroli kinachoingia.

Choki: kifaa kinachouzidishia petroli mchanganyiko ili kuwasha injini baridi.

Jeti: kitundu kilichopimwa, kinachopitisha petroli katika kabureta.

Jeti kuu: jeti inayotawala petroli mkono wa mafuta ukiwa wazi kabisa au karibu na hapo.

Jeti ya mwendo tulivu: jeti inayotawala petroli injini inapozunguka polepole.

Kilango: kizibo kinachoongeza au kupunguza hewa katika koo la kabureta.

Koo la kabureta: njia nyembamba ambamo hewa hupita kwa kasi na kufyonza petroli.

Mchanganyiko wa hewa: hewa na petroli zilizochanganyika ndani ya kabureta.

Mchanganyo wa oili: petroli iliyotiwa oili kwa kipimo, kwa ajili ya injini ya mipigo miwili.

Mzito, mwepesi: uliozidi petroli, uliopungua petroli (kwa mchanganyiko wa hewa tu).

Sindano ya boya: sindano fupi inayozuia petroli isiingie bakuli likijaa.

Sindano ya kilango: sindano ndefu inayopanda na kushuka pamoja na kilango.

Skrubu ya hewa: skrubu inayopitisha hewa, ikikazwa, mchanganyiko huwa mzito.

Skrubu ya mchanganyiko: skrubu inayopitisha petroli iliyochanganyika na hewa, ikikazwa, mchanganyiko huwa mwepesi.

Skrubu ya mwendo: skrubu inayoweka kasi ya mwendo tulivu.

HITIMISHO

Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, misingi ya kazi yetu iliwekwa. Lakini msingi haujengi nyumba. Kila chombo kipya huja na maneno yake, na pikipiki zenye mfumo wa kupulizia petroli kwa umeme, zisizo na kabureta, zimekwisha kuanza kuingia. Hata huko mchanganyiko wa hewa utabaki kuwa mzito au mwepesi, na anayeueleza atahitaji maneno hayo hayo.

Mapendekezo haya hayaamrishi lugha ya gereji ibadilike. Yanawaomba walimu wa amali, wafasiri wa vitabu vya watengenezaji, na maofisa wanaotayarisha mitihani ya ufundi wafanye mambo matatu: watenganishe mchanganyo wa oili na mchanganyiko wa hewa, waache kuita jeti kuu jeti kubwa, na waitaje kila skrubu kwa kile inachokipitisha. Mahali ambapo mafundi wana neno bora kuliko letu, tunaomba tuletewe, pamoja na maelezo ya kifaa chenyewe na kazi yake.